Kijiji Kilichoshindwa Kuagana

Chef wetu wa bureau, yaani mkuu wa ofisi yetu, ameniomba niandike kurasa chache kabla kiti changu hakijapoa. Alisema: "Mama Dactylo, uandikie bale banabakia, bajue kazi ilikuwaka namna gani." Nimekubali, ila habari za kupandishwa cheo msizitafute humu, kwa kuwa cheo nilichoanza nacho ndicho nilichostaafu nacho. Za mshahara pia msizitafute, mnaujua wenyewe. Nitaandika mambo yaliyonitoa jasho. Kile kitambaa cha meza chenye picha ya kompyuta mlichonipa siku ya kuagwa nimekitandika juu ya televisheni, na wajukuu wameonywa.

Nilikuja bureau nikiwa na miaka arobaini na sita, baada ya miaka kumi na tisa ya udactylo wa parokia hapa Baraka. Kwa nyinyi msioikuta mashine ya taipu, dactylo ni mtu anayechapa bila kutazama vidole na, akiwa mzuri kweli, bila kuelewa anachochapa. Nimechapa vyeti vya ubatizo, matangazo ya ndoa, na barua moja ndefu ya padri kwenda kwa askofu ambayo mpaka leo najifanya sikuisoma. Nilidhani kompyuta ni taipu yenye umeme. Sikuwa mbali sana na ukweli, lakini ile hatua iliyobaki ilinichukua miaka kumi na minne.

Aliyenipokea ni Papa Alimasi, mjengaji mkuu wa programu zetu. Alikuwa mtu mrefu na mkimya, miwani yake imefungwa kwa waya upande wa kushoto. Akanipa kurasa tatu zilizojaa maneno yasiyosomeka, akaniambia nizichape kama zilivyo. Nikazichapa haraka kuliko alivyotegemea, na kwa kuwa ni mtu wa kazi safi, nikazirekebisha pia. Sentensi zilizoishia kwa nukta-mkato nilizimaliza kwa nukta, kama sentensi inavyostahili. Majina ya mbuzi niliyapa herufi kubwa. Palipoandikwa neno moja mara mbili mfululizo, nikaondoa moja. Papa Alimasi alipobonyeza kitufe, kioo kizima kikawa chekundu kwa makosa.

"Mama, nani alikuambia utengeneze?" akaniuliza.

"Ilikuwa na makosa, Papa."

"Makosa gani?"

"Yote."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kuanzia leo, unachapa vile iko. Hii mashine iko na kichwa nguvu kupita père curé."

"We haumujui père curé," nikamjibu, maana paroko wetu nilimchapia miaka kumi na tisa. Alicheka mpaka waya ukafunguka, na hapo nikajua nitabaki.

Sasa kwa yule atakayekuja bureau bila kujua lolote. Ulimwengu pepe ni kijiji kinachoishi ndani ya kompyuta. Unakaa mbele ya kioo, unapewa mwili, na unautembeza huo mwili kwa vidole kati ya nyumba, visima na mbuzi. Kijiji chetu kilitoka ng'ambo, na waliokitengeneza waliuacha msimbo wake, hiyo code inayokiendesha, wazi ili kila mtu aubadilishe apendavyo. Sisi tulikigeuza kuwa kijiji cha huku, chenye nyumba kumi na mbili, cha kufundishia wahudumu wa afya wa kujitolea, wale tunaowaita bareco. Mwanafunzi anapita nyumba kwa nyumba. Anabisha hodi, anaongea na mwenye nyumba juu ya maji safi na choo, anaaga, anakwenda nyumba inayofuata. Kila jambo linalotendeka humo, mlango kufunguka, jogoo kuwika, mama kujibu, linaongozwa na skripti, yaani ukurasa wa maagizo ulioandikwa na mtu.

Waandishi waliandika. Mimi nilichukua walichoandika, nikakipitisha kwenye programu inayokigeuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitumia, kisha nikafunga vyote pamoja katika kifurushi kimoja cha kupelekwa vituoni. Bureau nzima tulisema kusaga na kufunga. Mtu akiniuliza mbele ya wageni, "Mama, ulishasaga?", wageni walianza kutazama mlango wa jikoni.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kazini ni ile mashine kuukuu iliyokaa peke yake pembeni, jina lake Yatima. Yatima hakuwa na kitu chochote ndani yake. Papa Alimasi alimfuta kila wiki, na kila kifurushi kilifunguliwa kwanza kwake. Kwenye mashine ya mwandishi kila kitu hufanya kazi, kwa sababu kila kitu kiko hapo hapo. Ukisahau kufunga kitu, mashine ya mwandishi inakitafuta kimya kimya kwenye makabati yake na haikuambii. Yatima hana kabati. Ukisahau, anakuaibisha hapo hapo, mbele ya watu wachache, kabla hujaaibika mbele ya wengi.

Halafu kulikuwa na kayé, daftari kubwa la mistari ambamo kila toleo liliandikwa kwa kalamu: limejengwa siku gani, na nani, na nini kimebadilika. Papa Alimasi hakupenda namba tupu, alisema zinafanana. Kwa hiyo matoleo yalipewa majina ya samaki wa ziwa. Badiliko dogo liliitwa ndagala, la kati mgebuka, na kubwa sangala. Ndagala zilikuwa nyingi sana. Siku moja mtu wa wafadhili alipiga simu kuuliza tunatumia toleo gani, nikamjibu, "Sangala ya tatu." Akaniuliza kwa upole kama amepiga namba ya soko.

Mara moja tu nilimruka Yatima. Ninette, mwandishi wetu, alikuwa ameandika skripti ya jogoo kuwika. Mnamjua Ninette, lakini nimtambulishe kwa ajili ya watakaokuja: binti wa wakimbizi wa Burundi, fundi wa kuandika, na mpole kiasi kwamba mashine ikimkosea, yeye ndiye anaiambia pardon. Mimi siku hiyo nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya, nikasaga, nikafunga, nikatuma kituo cha Nundu. Sauti ya jogoo ilibaki kwenye mashine ya Ninette. Kule Nundu jogoo alipanda juu ya paa, akanyoosha shingo, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Bareco wa Nundu walikuwa wamefundishwa kuripoti kila wanachokiona. Wakaripoti kwamba jogoo wa nyumba ya nne ana ugonjwa wa koo, na kwamba wa nyumba ya tisa ameshaambukizwa. Ripoti ikapanda ngazi mpaka daktari mmoja wa mifugo akatuma mtu kuuliza hao kuku ni wa nani.

Papa Alimasi hakunigombeza. Alifungua kayé mbele yangu na kuandika pole pole: "Ndagala ya kumi na moja, bubu." Iliniuma kuliko kama angepiga kelele. Nilimpenda sana mtu yule, na hakuna jambo ninaloogopa mpaka leo kama kuandikwa vile. Alipostaafu na kurudi kulima Nundu, aliniachia kayé na agizo moja: nikienda mbali na kifurushi, nibebe pia msimbo wake mbichi na programu ya kuusagia, maana kifurushi kikishafungwa huwezi kurekebisha kitu ndani yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa. Ni langu mimi, si la Ninette, ingawa yeye amejaribu mara nyingi kulibeba.

Wenye nyumba wa kile kijiji, kama walivyotoka ng'ambo, walikuwa na tabia iliyonichefua. Mgeni akiaga, mwenye nyumba alibaki ameketi, anatazama ukuta. Nilivumilia miaka mingi, nikifikiri si kazi yangu. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nikaona nikinyamaza nitazeeka nayo.

"Ninette," nikamwambia, "mugeni anaenda, na huyu mama anakala paka vile?"

"Njo vile code iko, Mama."

"Hamusindikizi?"

"Labda kwa bale baliandika, hakuna kusindikiza."

"Sasa iko kwetu. Andika."

Akaandika kwa siku moja. Mgeni akiaga, mwenye nyumba anasimama, anatoka naye, anamsindikiza njiani. Nikafurahi, na furaha ikanifanya niombe zaidi. Nikamwambia kila anayefika kwenye mlango wa mtu asalimiwe, aulizwe habari za nyumbani, apewe kiti. Na kila anayeondoka asindikizwe.

"Muntu yote, Mama? Hapana mwanafunzi tu?"

"Muntu yote. We unaweza acha jirani yako aende peke yake?"

Hakuweza kusema ndiyo, amelelewa vizuri. Nikaandika kwenye kayé kwa mkono wangu, kwa herufi za kupendeza: "Sangala ya tano, adabu."

Tukaijaribu kwa Yatima, siku mbili nzima. Kila mtu wa bureau alitembelea nyumba moja, akasindikizwa, akainuka ameridhika. Chef alisindikizwa na yule baba wa nyumba ya saba na akasema amemkumbuka marehemu mjomba wake. Mchana tukaiacha inaendelea peke yake, tukaenda kula. Tuliporudi tukamkuta mama wa nyumba ya pili na baba wa nyumba ya tatu wako njiani. Baba alikuwa amemtembelea mama, na mama akamsindikiza mpaka kwake. Kwa kuwa sasa mama yuko kwa baba, yeye ni mgeni, akaaga, na baba akamsindikiza mpaka kwake. Hapo baba akawa mgeni, akaaga. Tukasimama pale tukitafuna karanga, tukiwatazama wakienda na kurudi.

"Ona vile banapendana," chef akasema.

Tulikuwa watu wazima sita, wote na akili zetu, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Nikafunga kifurushi.

Kifurushi kile kilikuwa cha Kilembwe. Nyote mnajua kwamba Kilembwe ni mbali, na kwamba Maître Mlondani, muuguzi anayefundisha bareco kule, aliandika barua za kuomba kompyuta mpaka tukaujua mwandiko wake kwenye bahasha. Mwishowe wafadhili walimpa mashine nane na sola, lakini kwa majaribio. Siku ya mtihani angekuja délégué, mjumbe wao. Wanafunzi wote wanane wakimaliza nyumba kumi na mbili mbele ya macho yake, mashine zinabaki. Hata mmoja asipomaliza, zinafungwa kwenye maboksi na kupelekwa kituo kingine. Maître alinipigia simu juma moja kabla. "Mama," alisema, "bakibeba hizi mashine, mi narudia kufundisha na makala ku ukuta." Alikuwa amefundisha hivyo kwa miaka, akichora choo na kisima kwa mkaa ukutani, na mvua ikipiga upande wa dirisha, nusu ya somo inaondoka.

Nikasema nitapeleka kifurushi mwenyewe. Nilipanda pikipiki kutoka Baraka, nikapita Fizi, nikateremka na kusukuma mahali ambapo hata mwendesha pikipiki alisema tusali kwanza. Kifurushi kilikuwa kwenye clé, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, kimefungwa kwenye kona ya kitenge changu. Kwenye kizuizi kimoja askari akauliza nimebeba nini.

"Village moja," nikamjibu. "Nyumba kumi na mbili."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha clé. Akaichukua, akaitikisa sikioni, akasikiliza kwa makini. "Bantu banaishi mule?"

"Banaishi."

"Bapitishe," akasema, na kunirudishia kwa mikono miwili.

Asubuhi ya mtihani chumba kilijaa. Wanafunzi wanane walikaa mbele ya mashine zao, wengine wakiwa wametembea tangu jana yake. Délégué alikuwa mtu wa Uvira, mstaarabu, viatu vinang'aa, na dosie, yaani faili la karatasi zake, yenye mpira wa kufungia. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Maître Mlondani alikuwa amevaa koti la harusi yake. Tukaanza.

Nyumba ya kwanza ilikwenda vizuri. Mwanafunzi aliongea na mama, akaaga, mama akatoka kumsindikiza. Akamsindikiza mpaka nyumba ya pili. Hapo mwenye nyumba ya pili akaona wageni wawili, akawasalimia wote wawili, akawauliza wote wawili habari za nyumbani. Walipoondoka, akawasindikiza. Nyumba ya tatu ikapokea wageni watatu. Nikaanza kusikia joto masikioni. Kufikia nyumba ya sita, kila mwanafunzi alikuwa amefuatana na watu watano, na mwenye nyumba ya sita alikuwa na viti vinne tu. Hakuna aliyekubali kukaa wakati mwenzake amesimama, kwa kuwa niliagiza hivyo pia, nilisahau kuwaambia. Wakasimama wote, wakaulizana habari. Aliyesimama muda mrefu bila kusemeshwa alisalimiwa upya, kwa sababu ni vibaya kumwacha mtu kimya. Kwenye vioo vyote vinane, watu saba saba walikuwa wanainamiana.

Délégué alitazama kwa muda. "Mama," akaniuliza, "hapa kunapita nini?"

"Banasalimiana, chef."

"Mpaka saa ngapi?"

Nilitazama koti la Maître na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya jogoo. Délégué alikuwa mwema. Alisema atasubiri mpaka saa tisa, kwa kuwa lazima afike Fizi kabla ya giza, na kwamba ikifika saa tisa atafunga dosie yake jinsi ilivyo. Ilikuwa saa nne. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Mmoja wa wanafunzi alinifuata. Aliitwa Mama Sifa, mkulima wa mihogo, umri wangu au karibu. Alifunga kitenge chake vizuri, akakaa kando yangu.

"Mama Dactylo, bantu bako habajue kuagana."

"Namna gani? Banasindikizana vizuri."

"Banasindikizana vizuri sana. Lakini mugeni njo anasemaka: 'Rudia hapa, aksanti.' Asiposema, utamufikisha paka kwake. Kwenu hakuna mwenye anasema."

Nilimtazama. Maisha yangu yote nimesindikiza na kusindikizwa, na kila mara kuna mmoja aliyesimama njiani akasema rudia hapa, yaani geuka urudi kwako, na mimi sikuwahi kuliona kama sehemu ya kazi. Nilimwagiza Ninette kila kitu isipokuwa hicho.

Mtandao wa simu Kilembwe siku ile ulipatikana kwenye kimlima nyuma ya shule, karibu na jiwe moja. Nikabeba mashine yangu ya mkononi, yenye msimbo mbichi kama Papa Alimasi alivyoniagiza, nikapanda. Mama Sifa alikuja kunishikia simu sikioni ili mikono yangu yote miwili ifanye kazi. Ninette akapokea, nikamweleza, akasema pardon mara tatu.

"Acha pardon," nikamwambia. "Mi sijui kuandika code na leo sitajifunza. Lakini ukisema, nitachapa. Soma kama vile padri alikuwaka anasoma, pole pole, na usinielezee maana."

Akasoma, nikachapa. Sijui kama mnaelewa ilikuwaje. Miaka kumi na minne nilikuwa nasaga maandishi ya wengine, na sasa nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, kompyuta magotini, macho yangu kwenye mashamba, na vidole vinakwenda vyenyewe. Mama Sifa aliona si vizuri kukaa kimya, kwa hiyo kila alichokisikia alikirudia kwa sauti: "Parenthèse. Parenthèse ingine. Funga hii ya kwanza." Mara mbili alinirudisha nyuma kwa sababu nilikuwa nimeruka bano moja. Mara ya kwanza kusaga, makosa matano. Ya pili, moja. Ya tatu ikapita. Nikatoa kayé mkobani, nikaiandika papo hapo, Ndagala ya ishirini na mbili, bila kuongeza neno.

Tukashuka. Niliifungua kwanza kwenye mashine ya dirishani, nikatembelea nyumba tatu mwenyewe, na kila nilipobonyeza "Rudia hapa" mwenye nyumba aligeuka akarudi kwake. Nikaiweka kwenye zote nane. Ilikuwa imeshapita saa saba. Wanafunzi walianza upya, wakafanya kazi bila kuinua vichwa, na mmoja baada ya mwingine akainua mkono kwamba amemaliza. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Maître alikuwa anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake.

Wa nane alikuwa Mama Sifa. Yuko nyumba ya tisa. Nikamwinamia.

"Mama Sifa, mbona unachelewa?"

"Huyu baba ametoka kunisindikiza," akaninong'oneza. "Nimuambie arudie na hatujatoka hata mu lupango lwake?"

Na haikuishia nje ya ua: kila mwenye nyumba alimwacha afike naye karibu na mlango wa nyumba inayofuata, ndipo akamshukuru na kumrudisha. Yeye aliyenifundisha neno lenyewe hakuweza kulisema upesi. Saa tisa ikafika akiwa nyumba ya kumi na moja, anamuuliza mtu habari za watoto.

Délégué alifunga dosie, akapitisha ule mpira. "Saba," akasema. "Papier inasema munane. Nasikitika, Maître. Motokari ya kubeba mashine itakuya juma ijayo." Naamini alisikitika kweli. Maître Mlondani alichukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye vioo, kimoja kimoja.

Lakini mgeni anapoondoka anasindikizwa. Tukatoka wote: Maître na koti lake, bareco wanane, mimi, na majirani waliokuwa wakichungulia. Mama Sifa alimpokea délégué dosie yake na kuiweka kichwani, kama inavyofanywa na mzigo wa mgeni. Jeep ilianza kutembea pole pole mbele. Délégué alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, hakuweza kukaa ndani ya gari wakati wenyeji wanatembea, akashuka na kwenda kwa miguu pamoja nasi. Tulitembea kidogo, akasimama.

"Aksanti sana. Murudie hapa."

"Bado, chef," Maître akamjibu. "Tukufikishe paka ku kale kadaraja."

Tukamfikisha kwenye daraja. Akashukuru tena, akasema turudi.

"Paka pale ku mashamba, chef."

Barabara pale ina matope, na vile viatu vilikuwa vimeacha kung'aa. Kwenye mashamba akashukuru mara ya tatu. Maître alisema kwa sauti ile ile ya upole kwamba mbele kidogo kuna mahali pazuri pa kuagania. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyelalamika. Délégué alitazama barabara, kisha akatutazama sisi.

"Maître, munanisindikiza paka Fizi?"

"Mugeni akienda na roho haitulie, chef, hatuwezi mwachia karibu."

Délégué akamgeukia Mama Sifa. "Mama, we njo haukumaliza?"

"Njo mimi."

"Ju ya nini?"

"Niliona haya kurudisha bantu mbio mbio."

Délégué alitazama tope lililomfika mpaka kwenye soksi, akanyoosha mikono, Mama Sifa akashusha dosie, na délégué akaiweka juu ya boneti ya jeep akaandika. Dactylo husoma hata maandishi yaliyogeuzwa kichwa chini, kwa hiyo nilisoma kabla ya Maître: "Wa nane alicheleweshwa na heshima. Kazi anaijua. Mashine zibaki Kilembwe." Maître aliposoma, alisoma mara mbili, halafu akajifuta macho kwa mkono wa koti la harusi. Nami nililia, na sioni sababu ya kuficha.

"Sasa nawaomba," délégué akasema, "murudie hapa."

Hakuna aliyebisha safari hii. Akapanda gari, likaondoka, na sisi tukalifuata hatua nyingine kama kumi hivi, maana hakuna anayegeuka palepale anapoambiwa arudi. Yeye mwenyewe alitazama nyuma, akatuona, akapunga mkono.

Niliporudi Baraka nilimwambia Ninette, na akaongeza mstari mmoja. Ukimwambia mwenye nyumba "Rudia hapa," anaongeza hatua kumi, ndipo anageuka. Zinampotezea mwanafunzi muda kila nyumba, nimepima mwenyewe. Siku moja mtaufikia mstari huo mtafikiri ni kosa, na mmoja wenu, namjua, ameshauwekea alama nyekundu ya kuufuta. Uacheni.